Dawa za maradhi ya akili: Jua madhara yake kabla hujamwachisha mgonjwa wako



Katika safu hii ya afya na usafi tumezoea kuzungumzia maradhi ambayo mtu haoni haya kuyataja mbele za watu, kama vile malaria, kuhara, kisukari na shinikizo la damu. Leo nakuomba tuzungumze jambo ambalo katika nyumba nyingi huzungumzwa mlango ukiwa umefungwa. Nalo ni dawa anazopewa mgonjwa wa akili, madhara yake, na ile tiba ya umeme ambayo wengi wakiisikia huingiwa na hofu.

Sababu ya kulileta jambo hili ni kwamba wagonjwa wengi wanaorudishwa hospitali wakiwa wamezidiwa ni wale walioacha dawa. Ukiuliza kwa nini waliacha, mara nyingi huambiwi kwamba dawa zilikwisha. Utaambiwa, "Zilikuwa zinamkakamaza," au "Zilimfanya kama mti," au "Tuliona zinamharibu, tukaamua kumpumzisha." Ndugu hao si wajinga wala hawana nia mbaya. Kitu walichokiona kwa macho yao kilikuwa kweli. Hawakuwa wameelezwa tu kwamba kitu hicho kina jina, kina sababu, na mara nyingi kina tiba.

Kwa hiyo tuanze kwa kusema kweli. Dawa za maradhi ya akili zina madhara, na baadhi yake ni makubwa. Yapo maudhi madogo madogo ambayo mtu huyazoea, na yapo madhara yanayoweza kuua. Mwenye kuuguza anatakiwa azijue dalili ili ajue lipi la kuvumilia, lipi la kurudi nalo kliniki, na lipi la kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Kwa nini dawa ikakamaze mwili?

Dawa ya kwanza ya kisasa ya kutibu kichaa, klopromazini, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952 katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker. Baadaye ikaja haloperidoli, kisha sindano za kudumu kwa wiki kadhaa kama Modecate, ambayo watu huiita sindano ya mwezi. Dawa hizi ziliwatoa watu wengi kwenye minyororo na vyumba vya kufungiwa.

Zinafanya kazi kwa kuizuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeamini kwamba jirani anamtilia sumu, hupata nafuu kemikali hiyo inapozuiwa. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia mwili uende vizuri, yaani kutembea, kugeuza shingo, kutafuna na kuandika. Ikizuiwa sana, mwili nao huathirika. Ndipo unapomwona mgonjwa anatembea bila kupunga mikono, anatetemeka, mate yanamtoka, na uso umekuwa mkavu hauna furaha wala huzuni. Hali hiyo hupungua daktari anapopunguza dozi, anapobadilisha dawa, au anapoongeza vidonge vya kulegeza kama Artane. Artane nayo itumike kwa cheti tu, kwa sababu ikizidi huvuruga akili, na wapo wanaoitumia kama kilevi.

Shingo kupinda si jini

Naomba hapa uniazime masikio. Kijana amechomwa sindano ya haloperidoli asubuhi. Jioni, au siku ya pili au ya tatu, shingo inapinda upande, macho yanageuka juu, taya linakaza, ulimi unatoka nje na hawezi kuurudisha. Nyumba nzima inashtuka. Mmoja anasema jini limepanda, mwingine anasema hospitali wamemmaliza. Anapelekwa kwa mganga, na huko huenda akachapwa au akafukizwa moshi usiku kucha.

Ndugu msomaji, hali hiyo inajulikana sana katika utabibu. Ni misuli iliyokaza kwa sababu ya dawa, na huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo za matibabu. Mpeleke kituo cha afya au hospitali na useme wazi, "Alichomwa sindano ya ugonjwa wa akili." Akipewa dawa inayostahiki kwa sindano, kwa kawaida hufunguka katika muda mfupi, hata kabla hujamaliza kupiga simu za kuwajulisha ndugu. Ila usichelewe, kwa sababu misuli ya koo ikikaza mtu anaweza kushindwa kupumua.

Hali ya pili inayofanana na hiyo kwa kutoeleweka ni ya kushindwa kutulia. Mgonjwa hakai. Anasimama, anatembea, anarudi, anakunja mguu na kuukunjua, usiku halali. Ndugu wanadhani kichaa kimezidi na wanamwongezea vidonge, kumbe vidonge ndivyo vilivyoleta hali hiyo. Adha yake ni kubwa kiasi kwamba wapo wanaofikia kutamani kujidhuru. Muulize kwa upole, "Ni mawazo yanayokusumbua, au ni mwili unaokataa kutulia?" Jibu lake mfikishie tabibu.

Hali ya tatu huja baada ya miezi au miaka. Midomo hutafunatafuna bila chakula, ulimi huchezacheza mdomoni, vidole navyo havitulii. Hii inaweza kubaki hata baada ya dawa kuachwa, na kwa hiyo inatakiwa igunduliwe mapema. Kila miezi michache mtazame mgonjwa wako akiwa amekaa kimya. Ukiona dalili, usimwachishe dawa kwa ghafla. Nenda naye kliniki dawa ibadilishwe kwa utaratibu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mgonjwa anayetumia dawa hizi akipata homa kali, mwili mzima ukakakamaa kama ubao, akatokwa jasho jingi na fahamu zikawa zinakwenda na kurudi, usiseme ni malaria ukampa vidonge ukalala. Malaria apimwe, ndiyo, lakini hospitali, na waambie dawa anazotumia. Hali hii ni nadra lakini inaua, na tiba yake huanza kwa kuisimamisha dawa mara moja, hatua ambayo watabibu wataisimamia.

Ipo dawa nyingine iitwayo klozapini, ambayo hupewa wale ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa nchini Finland walifariki kwa sababu dawa hiyo ilimaliza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na nchi nyingi zikaacha kuitumia. Baadaye ilirudishwa kwa masharti ya kupima damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo ukiambiwa mgonjwa aje kupima damu, usione ni usumbufu. Akipata homa, koo kuuma au vidonda vya mdomo, akapimwe damu siku hiyohiyo. Na akifunga choo kwa siku kadhaa usidharau, kwa kuwa dawa hii inaweza kuyalegeza matumbo mpaka yazibe.

Vilevile, anayetumia kabamazepini akitokwa na vipele vyenye malengelenge, au macho na mdomo vikababuka, aisimamishe na aende hospitali upesi.

Mambo yanayoonewa haya

Yapo madhara ambayo mgonjwa hatayasema mbele ya mama mkwe. Baadhi ya dawa humkosesha mwanamke hedhi, akadhani ana mimba, au maziwa yakamtoka ilhali hanyonyeshi. Mwanamume naye hupungukiwa na nguvu za ndoa. Watu wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hii tu, na ndoa nyingine huingia matatani bila mtu kujua chanzo. Mpe mgonjwa wako nafasi ya kuonana na tabibu faragha. Dawa mbadala mara nyingi zipo.

Kisha kuna unene na kisukari. Olanzapini na klozapini huongeza sana hamu ya kula. Mpime uzito kila mwezi, punguza soda na vitumbua, naye apimwe sukari kliniki. Kuna kukauka mdomo, ambako huozesha meno, hivyo mswaki baada ya kila mlo na maji ya mara kwa mara ni sehemu ya tiba. Kuna kizunguzungu cha kuinuka. Mwambie ainuke taratibu kutoka kwenye sijida na kutoka kitandani, asije akaanguka. Na kama usingizi wa dawa unamkosesha swala ya alfajiri, usimlaumu kuwa mvivu. Muulize tabibu kama dozi ya usiku inaweza kunywewa mapema, baada ya magharibi.

Lithiamu na mwezi wa Ramadhani

Lithiamu ni chumvi. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, yaani yule ambaye mwezi huu halali, anagawa mali na kusema bila kupumzika, na mwezi mwingine hainuki kitandani. Ni dawa nzuri sana, lakini kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru pana nafasi ndogo. Kwa kawaida hutakiwa damuni kati ya 0.6 na 1.0, na ikipita 1.5 sumu huanza kuonekana. Ndiyo maana hupimwa damu, na figo na tezi ya shingo huangaliwa pia.

Mwili unapokosa maji, lithiamu hurundikana. Kuhara, kutapika, jua kali na kufunga mchana kutwa vyote vinaweza kuipandisha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na baadhi ya dawa za presha zinazokojoza, huipandisha pia. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi. Dalili za sumu ni mikono kutetemeka kwa nguvu, kutapika, kuhara, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa. Ukiziona, usimpe dozi inayofuata na umpeleke hospitali.

Basi, mwenye kutumia lithiamu asisubiri mwezi uandame. Aende kliniki tangu Shaabani, aeleze nia yake ya kufunga, apimwe na apewe ushauri. Wapo watakaoambiwa wanaweza kufunga kwa masharti, kwa kupanga dozi kati ya futari na daku na kunywa maji ya kutosha usiku. Wapo watakaoambiwa wasifunge. Sharia imempa mgonjwa ruhusa, na namna ya kulipa au kutoa fidia muulize sheikh wako. Mtu asijitie katika hatari kwa kuogopa maneno ya majirani.

Akina mama, vijana na dawa za usingizi

Sodiamu valproeti, maarufu kama Epilim, hutumika kwa kifafa na kwa ugonjwa huohuo wa hisia. Mama mjamzito akiitumia, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengi zaidi hupata matatizo ya kujifunza na ukuaji wa akili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasianzishiwe dawa hii. Dada anayeitumia sasa asiitupe leo, kwani kifafa kikirudi kwa ghafla kinaweza kumuua. Aende kliniki aeleze kwamba yuko katika ndoa au anatarajia kuolewa.

Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuonesha kazi yake, na maudhi yake huja kabla ya faida. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kwa baadhi ya watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua mwanzoni mwa matibabu, na mwaka 2007 onyo hilo likafikishwa hadi umri wa miaka 24. Kwa hiyo wiki hizo za mwanzo kijana asiachwe peke yake. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo inasimamisha moyo, basi iwekwe sandukuni penye kufuli na mtu mzima ndiye atoe dozi. Ama diazepamu, yaani Valium, watu hujinunulia dukani kama pipi. Ukiizoea kwa muda mrefu mwili huidai, na ukiikata ghafla unaweza kupata degedege.

Tiba ya umeme: wengi wameisikia, wachache wameelezwa

Mwaka 1938 mjini Roma, madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini walimpitishia mgonjwa umeme kichwani ili apate mtukutiko kama wa kifafa. Alipata nafuu, na tiba ikaenea duniani. Enzi hizo ilifanywa mgonjwa akiwa macho. Watu walivunjika mifupa, na pamoja na hayo katika baadhi ya hospitali ilitumika kuwatisha wagonjwa wakorofi. Kwa hiyo hofu ya watu ina asili yake.

Inavyotakiwa kufanywa leo ni tofauti. Mgonjwa hali kitu tangu usiku, hupewa nusu kaputi kama mtu wa upasuaji, pamoja na dawa ya kulegeza misuli na hewa ya oksijeni. Umeme hupita kwa sekunde chache, na mtukutiko, ambao kwa nje hauonekani sana, kwa kawaida hauzidi dakika moja hivi. Hurudiwa mara 2 au 3 kwa wiki, jumla mara 6 hadi 12. Humfaa hasa mgonjwa wa sonona kali aliyekataa kula na kunywa, anayetaka kujiua, au aliyeganda kama sanamu hasemi wala hageuki. Kwa mtu wa namna hiyo kusubiri wiki 4 za vidonge kunaweza kuwa ni kusubiri jeneza.

Madhara yake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa kwa muda baada ya kuamka, na kusahau. Kumbukumbu nyingi hurudi, lakini baadhi ya watu hupoteza moja kwa moja kumbukumbu za mambo ya siku zilizozunguka matibabu, na hilo lazima waambiwe kabla. Tena tiba hii haimalizi ugonjwa. Bila dawa za kuendelea nazo, wengi huugua tena ndani ya miezi michache. Haipatikani kila mahali, na ukielekezwa huko uliza: Kuna mtaalamu wa nusu kaputi? Moyo wake umepimwa? Itafanywa mara ngapi? Nani ataridhia kwa maandishi kama mgonjwa mwenyewe hawezi? Kama jibu ni kwamba itafanywa bila nusu kaputi, kataa.

Kuna pia tiba ya sumaku, iliyotokana na kifaa kilichobuniwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na kuruhusiwa Marekani kwa sonona mwaka 2008. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho na haihitaji nusu kaputi. Huleta maumivu ya kichwa na, kwa nadra, degedege. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa asikaribie. Ipo vilevile tiba ya kupasua fuvu na kupandikiza nyaya ndani ya ubongo, ambayo kwa maradhi ya akili bado ni kwa wagonjwa wachache mno, nayo ina hatari ya damu kuvujia ubongoni na maambukizi. Nayataja haya kwa sababu wapo ndugu zetu wanaouza shamba kwenda India kwa matibabu. Kabla ya kuuza, muulize daktari bingwa wa akili kama tiba hiyo inahusu ugonjwa wa mgonjwa wako. Na vifaa vya umeme vya kubandika kichwani vinavyouzwa mitaani, usinunue.

Dua na dawa haviteti

Msomaji mwingine atauliza, "Na kisomo je?" Msomee mgonjwa wako, muombee dua, mfariji. Hakuna tabibu mwenye akili atakayekukataza. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu wajitibu, na Waislamu wa kale hawakuona mgongano. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu maalumu ya wagonjwa wa akili. Anayekuambia uache dawa kwanza ndipo akusomee, anakuingiza katika hatari. Vivyo hivyo kumfunga minyororo, kumpiga au kumnyima chakula, hayo si matibabu. Na kama anatumia mitishamba, bangi au mirungi, mwambie tabibu bila kuficha.

Kwa kumalizia, chukua daftari dogo la mgonjwa wako. Andika jina la kila dawa, tarehe aliyoanza, na kila badiliko unaloliona. Nenda nalo kliniki, iwe zahanati ya jirani, au Mirembe kule Dodoma, au Kidongo Chekundu kule Unguja, au Mathari kule Nairobi. Badala ya kusema "dawa zinamharibu," sema, "Tangu tarehe fulani hatulii, hali vizuri, mkono unatetemeka." Hapo tabibu atapata pa kushika. Dawa ikiwa ya kupunguzwa itapunguzwa kidogo kidogo, ikiwa ya kubadilishwa itabadilishwa, na ikiwa ya kuachwa itaachwa kwa mpango.

Kumwachisha mgonjwa dawa kwa siri ni kumwacha peke yake na ugonjwa. Na kumlazimisha dawa huku tukifumba macho tusione zinavyomuumiza ni kumdhulumu. Mgonjwa ni amana mikononi mwetu, basi tumwangalie kwa macho mawili.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.